Safari ya Koleta Bila Mzigo Kichwani

Koleta wa Keza nilimjulia sokoni Benaco, huko Ngara, mwaka wa tisini na nne, kambi ya wakimbizi ilipofurika na kila mwenye cha kuuza akakimbilia huko. Mimi Biubwa, mama Yunusu, nilikuwa na meza ya chumvi, sabuni na betri. Yeye alifika na mkungu wa ndizi kichwani, katoka nao Keza kwa miguu, akautua ubavuni mwa meza yangu bila hata kubisha hodi. Nikamwambia, "Hapo ni pangu." Akanitazama, akatazama chini, akausogeza mkungu kiasi cha unene wa kidole. "Na hapa je, ni pa nani?" Nikacheka, na mimi si mwepesi wa kucheka na mtu anayenibania njia. Tangu siku ile ni shoga yangu, ingawa yeye ni Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele na mimi babu yangu alitoka pwani akaja Biharamulo kwa biashara, asirudi tena.

Nikisema Koleta ni mtu wa mizigo sitii chumvi. Kichwa cha mwanamke yule kimebeba ndizi, maharage, kuni, maji, mikeka ya kwendea msibani, na matofali ya kanisa la kigango chao. Hata alipokwenda hospitali kumzaa Frednand, mtoto wake wa kwanza, alijitwika kuni za kupikiwa uji. Safari zake zote zilikuwa za namna mbili: ama kuna kitu cha kuuza, ama kuna mtu amekufa. Watu wa Rwanda waliporudi kwao na Benaco ikabaki uwanja mtupu, sisi wachuuzi tukahamia upande wa Lukole kwa Warundi, na Koleta akahamia nasi, mkungu kichwani vilevile. Mumewe Modestus alibaki shambani, mtu mrefu, mkimya, anayekwenda taratibu utadhani ameambiwa barabara ni ya kuazima.

Mwaka wa tisini na tisa parokia yao ikafanya jubilei ya ndoa. Padri akawasimamisha waliotimiza miaka ishirini na mitano, akawaambia wanaume kila mmoja amuulize mkewe anataka zawadi gani. Wanawake wengine wakataja magauni, mmoja akataka mbuzi wa maziwa. Modestus alipomgeukia wake, Koleta akasema, "Nataka kutembea." Watu wakacheka, padri akauliza kutembea wapi. "Kwenye mji mkubwa, na mume wangu. Nitazame vitu. Nisiwe na kitu kichwani, na kusiwe na mgonjwa wala maiti."

Modestus hakucheka. Alikuwa ameahidi mbele ya altare, na yule bwana akishasema neno hata umpige nyundo halirudi. Maharage ya mwaka ule yalikubali, wakauza, na kwa kuwa mimi nilizoea kwenda Mwanza kufuata bidhaa, Koleta akaniambia tutakwenda wote. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nikajiona mwenyeji wa mjini, nikaanza kumweleza habari za ziwa, za maduka ya Wahindi, za kile kisiwa cha Saa Nane ambako unapanda boti ukatazame simba, sokwe na nguruwe pori. Hilo la boti ndilo lililomwingia. Tulipokuwa ndani ya basi, pale Biharamulo tukisubiri msafara wa polisi wa kutuvusha porini kwa ajili ya majambazi, wenzetu wanasali rozari, yeye ananiuliza boti ile inaingia watu wangapi na kama unaruhusiwa kutia mkono majini.

"Nilipe nauli nikaone nguruwe pori?" Modestus akasema. "Si wapo wanakula mihogo yangu."

"Wa kule wamefungwa," Koleta akamjibu. "Utawatazama bila hasira."

Mwanza ilimpokea Koleta vizuri, au niseme yeye ndiye aliyeipokea Mwanza. Alisimama chini ya vile vilima vya mawe, nyumba zimepandana hadi juu, akauliza kama watu wale walipokosa udongo waliamua kulima mawe. Tukaingia madukani. Jamani, sijapata kuona mtu anayefaidi duka kama yule. Hakuwa na haja ya kununua. Alifunguliwa chupa za chai, akazinusa ndani. Alipimiwa vitenge, akaushika upindo, akausugua kwa kidole gumba, akasema "Huu utachuja," na Mhindi akabaki kinywa wazi kwa kuwa ni kweli utachuja. Alipanda ngazi za jengo moja la ghorofa mpaka juu, akachungulia, akashuka, akasema kule juu hakuna shughuli. Kisha akanunua beseni la plastiki, jekundu, kubwa la kuogeshea mtoto, akalitazama, akamkabidhi mumewe.

"Kichwa changu kimepumzika safari hii."

Modestus akalichukua. Mwanamume wa Keza, amevaa suti yake ya jubilei, anapita katikati ya mji na beseni jekundu kwapani, na wala hakuona haya. Nikamwambia Koleta mume kama huyu ningempata mimi ningefunga duka. Makame wangu hata mwavuli hanibebei.

Shida ilianza jioni, kwa dada yangu Asmaa. Yeye ndiye mwenyeji wangu Mwanza. Kina Koleta tuliwatafutia gesti ya jirani. Asmaa akapika pilau, akatandika mkeka barazani kama tulivyolelewa, akaweka sinia katikati, watu wote mkono mmoja. Baraza lenyewe liko mtaani, wapita njia wanatoa salamu, wanakaribishwa. Modestus akanawa vizuri, akakaa pembeni, akasema, "Nimeshiba."

"Umeshiba nini, shemeji?" Asmaa akamuuliza. "Si mmeshuka kwenye basi leo leo."

"Nimeshiba. Asante sana."

Na Koleta naye, mtu ninayemjua kwa kula, akasema hana njaa. Asmaa akaniangalia jicho la pembeni. Sinia tukalimaliza sisi na majirani.

Kesho yake nikawapeleka hotelini, kule kwenye meza za nje ambako samaki anakuja na ugali unatoa moshi. Modestus akaagiza chai, ikaja, akaitazama mpaka ikapoa. Nikaagizia mishkaki. Akasema ana tumbo. Mchana Asmaa akapeleka watoto wamwite, akaja, barazani tena, akashiba tena kabla ya kunawa. Hapo nikawaka. Mimi hasira zangu huwa sizifichi, huonekana mpaka kwenye kilemba. Nilijua nimeelewa: Mkatoliki wa Keza anaogopa sinia la Waislamu. Mtu nimemwazima chumvi miaka mitano, leo chakula cha dada yangu kina najisi.

Nikamvuta Koleta uani. "Mwenzangu, niambie. Tumewakosea nini?"

Koleta akaketi juu ya ndoo. Midomo ilikuwa imemkauka. "Mama Yunusu, si ninyi. Kwa baba Frednand mtu mzima hali mbele za watu. Baba yake hakula, babu yake hakula. Chakula ni ndani, mlango umerudishwa. Nje mtu anakunywa tu, na hata kunywa anageuka."

"Basi mkale gesti."

"Wamekataza chakula vyumbani. Kwa sababu ya panya."

"Na wewe je?"

"Nile vipi naye hajala?"

Miaka yote ile nauza Ngara sijapata kumwona mzee wa rika la Modestus anatafuna njiani, hata karanga, na sijawahi kujiuliza kwa nini. Hasira ikaniishia, ikaja huruma, na nyuma ya huruma kicheko, maana mtu kakodi gesti mjini aje alale njaa na beseni.

Nikamwendea Modestus, alikuwa kwenye ngazi za gesti. Nikamwambia baba Frednand, yamekwisha, Asmaa atakupakulia ndani, chumbani kwake, mlango utafungwa, hata mbu hataingia. Nilidhani ataninyooshea mkono wa shukrani. Akatikisa kichwa.

"Mama Yunusu, nikipelekewa chakula chumbani kama mgonjwa, watoto wa nyumba watasimama mlangoni kusikiliza ninavyotafuna. Kesho asubuhi naondoka. Nimeuona mji."

"Na mkeo? Kisiwa alichokisema tangu Biharamulo? Safari yake ya kwanza duniani isiyo ya msiba wala ya kuuza, unaikata katikati kwa ajili ya ugali? Kwani utakufa ukionekana unakula? Mji mzima huu unakula nje, nani amekufa?"

Nilipaza sauti, nakiri. Hakukasirika. Akasogea nipate nafasi ya kukaa.

"Ule mwaka watu wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, ulikuwepo," akasema. "Mimi nilikuwa natoka shamba. Barabara imejaa. Mzee mmoja, makamo ya baba yangu, amevaa koti na tai, amekaa kwenye tope anakula uji mzito kwa kiganja. Mvua inanyesha ndani ya uji. Watu wanampita huku na huku. Alikuwa mtu wa heshima, unaona tu. Nikageuza uso. Sikumsalimia, ili asijue kwamba nimemwona. Hakuwa na ukuta yule. Mimi Mungu amenipa ukuta, na mlango, na kufuli. Nikae hapa barabarani nile kwa starehe zangu? Naona kama namcheka."

Nikaketi pale aliponisogezea.

Koleta alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaingia, akaanza kukunja nguo. Alilikunja gauni moja, akalikunjua, akalikunja tena. Huyu ni mtu aliyenibania meza mchana kweupe nikashindwa, na sasa machozi yanalidondokea gauni na hataki kuomba kitu. Roho iliniuma vibaya sana.

Asubuhi nikawasindikiza Kamanga kivukoni. Modestus aliambiwa akivuka mapema hadi upande wa Sengerema atapata gari la Geita, na kutoka huko la Biharamulo. Feri ilikuwa bado ng'ambo. Pale ufukweni kina mama walishakoleza moto, makarai yanachemka, sato wanageuzwa, na ile harufu, sina la kusema, hata mimi niliyekwisha kunywa chai na maandazi ilinivuta. Modestus amesimama na beseni lake, anatazama maji. Nikaona koo lake linapanda na kushuka. Koleta naye akaliona.

Akaenda kwa mama mmoja mnene mwenye karai kubwa kuliko yote. Akarudi na sahani: sato mzima, na ndizi za kukaanga pembeni. Akamwonyesha mumewe jiwe moja kando ya maji.

"Kaa pale. Watu uwape mgongo, uso upe ziwa."

"Mama Frednand, wataniona."

"Hawatakuona."

Akajitandua kitenge cha mabegani, akakishika ncha mbili, akanyoosha mikono, akasimama nyuma ya jiwe kama kamba ya kuanikia. Modestus akatazama kitenge, akatazama samaki. Njaa nayo ina mwisho wake. Akaketi, akaweka beseni miguuni, akamega.

Sasa, Koleta ni mtu wa akili, lakini hili hakulipigia hesabu. Popote ninapopajua mimi, Ngara, Biharamulo, Mwanza, ukiona mwanamke amesimama hadharani ametandaza nguo, jambo ni moja tu. Kuna mwenzake chini amekamatwa na uchungu wa kuzaa.

Yule mama wa karai akatupa upawa. "Jamani, kuna mzazi hapa." Akafungua kanga ya juu, akabaki na ya chini, akasimama bega kwa bega na Koleta. Muuza nyanya akaacha nyanya, akaja na kanga yake. Akaja wa chapati. Wakaja wengine wawili waliokuwa wakingoja feri, mmoja ana mtoto mgongoni. Dakika moja haikupita, ukuta wa kanga umezunguka jiwe lote hadi majini. Wanaume waliosogea wakafukuzwa, wakaulizwa kama wao walizaliwa na miti. Mama mmoja anataka wembe mpya, mwingine anatuma maji ya moto. Mimi niko katikati, natamani kusema na kicheko kimenikaba, nimeshika mdomo kwa mikono miwili, na watu wananipa pole.

Koleta mabega yalianza kumtikisika. Mama wa karai akadhani analia. "Jikaze, dada. Ni mdogo wako?"

"Ni mume wangu," Koleta akasema.

Mama wa karai akashusha kanga kidogo, akachungulia. Modestus yuko juu ya jiwe na suti yake, shavu moja limejaa samaki, macho yamemtoka, hathubutu kutafuna wala kumeza.

"Anaumwa?"

"Hapana. Anakula."

"Sasa mbona mmemficha?"

Koleta hakuweza kujibu, kicheko kimemmaliza nguvu. Ikabidi nieleze mimi. Nikawaambia kwamba huko kwao Keza, watu wa rika lake, mtu mzima hali mbele za watu, na huyu bwana hajatia kitu tumboni tangu aingie Mwanza, na mkewe naye hajala kwa kumngoja. Nilikaa tayari kwa matusi. Mtu ameacha karai lake motoni, nyanya za watu ziko peke yake, kwa ajili ya mzee anayekula samaki.

Mama wa karai akamtazama Modestus. Akaitazama sahani, akaona ni ya kwake. Kisha akaipandisha kanga, akaikaza.

"Basi mwacheni baba ale," akasema. "Na ninyi wa huko mwisho shikeni vizuri, upepo unafunua."

Na wakashika. Kweli wakashika, wanawake wasiomjua jina, mikono juu, nyuso wamezigeuzia mjini ili wasimtazame. Wengine walikuwa wakicheka kimya kimya, tumbo linatikisa kanga, lakini hakuna aliyeshusha. Nikawaangalia, na mimi nikavua mtandio wangu nikaziba pale palipobaki wazi. Feri ikapiga honi, inakaribia. Hakuna aliyeondoka.

Ndani ya ukuta hatukusikia mtu akitafuna. Nikamwangalia kwa wizi. Modestus ameweka sahani magotini, amesimamisha mkono, anatazama zile kanga moja moja, mistari yake na maua yake. Uso wake ulikuwa umeloa.

"Teremsheni, mama zangu," akasema.

"Kula, baba, hatukutazami."

"Yule mzee hakupata hata mmoja wa kumshikia nguo," akasema, na wao hawakujua ni mzee gani, lakini mimi na Koleta tulijua. "Mimi nimewapata wote hawa, na wala sina shida. Teremsheni. Mikono itawauma."

Wakateremsha, mmoja baada ya mwingine, wakijifunga kanga zao. Kamanga yote ikamwona: wapakizi, makuli, masista wawili wenye mabegi, watu wa feri. Modestus mbele ya macho yote hayo, sahani magotini. Akasogea pembeni ya jiwe, akapapasa nafasi iliyobaki.

"Koleta," akasema. Miaka yote ile nilikuwa sijamsikia akimwita mkewe jina lake mbele ya watu. "Njoo ukae. Na wewe hujala."

Koleta akaja akakaa. Modestus akamega pale tumboni pa samaki, penye mafuta, akamtilia mkononi. Akala. Akamega tena, wakala wote wawili, magoti yanagusana, na watu wakawapita huku na huku wakikimbilia feri, wengine wakawatakia chakula chema, wengi hawakuwatazama hata kidogo. Nikamwambia baba Frednand, feri inaondoka.

"Iende," akajibu, kinywa kimejaa. "Koleta anataka kuona kisiwa."

Akainuka, akampelekea mama wa karai sahani, mifupa mitupu, akaomba sato mwingine. Yule mama tayari alikuwa ameshika gazeti.

"Nikufungie, baba?"

"Hapana," Modestus akasema. "Tunakula hapa."